Vumbi Kwenye Bawa la Kushoto

Inspekta Tumsifu Mbaga alifika Kongwa akiwa na hati ya kumkamata Fabian Chilewa ndani ya mkoba wake, na hakuwa na shaka kubwa kwamba angerudi naye Dodoma kabla ya jua kuzama.

Mezani kwa mkuu wake kesi ilikuwa imeonekana nyepesi. Mzee Eliakimu Chilewa, fundi wa ndege aliyestaafu, alikutwa amekufa kwenye chumba chake cha kazi, ameketi kitini, dirisha limefungwa na jiko la mkaa limebaki majivu karibu na miguu yake. Daktari aliyeupasua mwili alisema damu ilijaa sumu ya moshi wa mkaa. Kwa baridi ya Juni na upepo wa huku, vifo vya namna hiyo si vigeni, na huenda mzee angezikwa bila maswali. Aliyekataa ni binti yake, Anastazia, mwalimu wa Mpwapwa. Alikwenda polisi akasema kaka yake Fabian alikuwa anamsukuma baba auze nyumba ahamie kwenye kiwanja chao cha Msalato, Dodoma, kwamba waligombana hadi majirani wakasikia, na kwamba baba yake hawezi kufa kijinga vile.

Fabian alipohojiwa mara ya kwanza alisema mzee mwenyewe ndiye aliyeingiza jiko na kufunga dirisha. Hakuna aliyemuuliza amejuaje, ilhali katika maelezo hayo hayo alisema alishinda mnadani akiuza mbuzi.

"Ukidanganya, danganya vizuri," alisema Koplo Bashiri akizima gari. "Huyu kadanganya kama mtoto."

Tumsifu alishuka. Alikuwa anamtazama bibi aliyeketi barazani akipepeta uwele kwenye ungo, amejifunika shali ya sufu ya zambarau iliyochakaa ikaanza kunyonyoka. Huyo alikuwa Bibi Penina, mjane. Jalada lilisema kumbukumbu zake zimemtoka na hafai kuhojiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuona ndege?"

"Ndiyo, mama."

"Mzee yuko ndani. Msimpigie kelele, akiwa na ndege yake hapendi kelele."

Fabian alitokea mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, macho mekundu ya kutolala. Alisikia maneno ya mama yake akainamisha kichwa.

"Kila asubuhi ni hivyo, Afande," alisema kwa sauti ya chini walipoingia ndani. "Namwambia amefariki, analia mpaka basi. Baada ya muda ananiuliza mzee amekula? Siku hizi simwambii tena."

Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba. Meza ilikuwa imeegemezwa ukutani, dirisha la mbao kushoto kwake, kiti cha mzee mbele yake. Sakafuni palikuwa na alama nyeusi ya jiko. Tumsifu alisimama mlangoni kwanza, mikono nyuma, akatazama bila kugusa kitu, kama alivyozoea. Halafu akaisogelea meza.

Ndege ilikuwa pale, imesimama juu ya magurudumu yake, bawa hadi bawa kama urefu wa mkono mmoja. Ilikuwa mfano wa plastiki wa Hurricane, ndege ya kivita ya vita vya pili vya dunia, imepakwa kijani na udongo juu, kijivu chini. Tumsifu alikuwa hajawahi kufikiri mtu mzima anaweza kukesha juu ya kitu kama hicho, lakini alipoinamisha uso na kuwasha tochi alielewa. Ndani ya chumba cha rubani palikuwa na mikanda ya kiti iliyokatwa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, na vishikizo vyake vidogo kuliko punje ya ulezi. Nyuma ya mabomba ya moshi palikuwa na masizi, yaliyosuguliwa kwa unga wa penseli. Pale bawa la kushoto linapoungana na kiwiliwili, rangi ilikuwa imechubuliwa kwa makusudi ikaonyesha rangi ya bati, kwa sababu hapo ndipo rubani alipokanyaga akipanda.

Mambo haya alikuwa ameyapata asubuhi kwa Hamidu, mwandishi wa kumbukumbu za vikao vya Bunge, rafiki wa marehemu na mwenziwe katika ujenzi wa ndege hizi. Hamidu ndiye aliyempa mzee boksi la vipande vya ndege hii. Alimwambia Tumsifu kwamba baba yake Eliakimu alipigana Burma katika jeshi la Mwingereza, na maisha yake yote alisimulia ndege mbili zilizopita chini juu ya handaki lao siku waliyokuwa wamekata tamaa. Eliakimu alikuwa anaijenga mojawapo. Hata zile duara za mabawani alizipaka upya kwa mkono, za buluu na buluu iliyopauka, akaondoa doa jekundu la katikati, kwa kuwa kule Burma wekundu ungeweza kuwafanya wenzao wakadhani ni ndege za Wajapani.

"Mtu wa namna hiyo," alikuwa amesema Hamidu, "hawezi kupuliza rangi karibu na moto, dada. Miaka yote alifanya kazi na mafuta ya ndege. Alikuwa akinikataza hata kuwasha kiberiti mlangoni."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Tumsifu aje na hati. Kama mzee hakuingiza moto mwenyewe, mtu mwingine aliuingiza.

"Niambie tena," alimwambia Fabian. "Dirisha lilikuwaje?"

"Limefungwa. Baba alilifunga kwa sababu ya vumbi."

"Ulimwona akilifunga?"

"Nilikuta limefungwa."

"Basi useme ulilikuta limefungwa. Mchana lilikuwa wazi?"

"Lilifungwa tangu asubuhi. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali."

"Na wewe tangu asubuhi ulikuwa mnadani."

Fabian alilamba midomo. "Alikuwa na kawaida hiyo."

Tumsifu alitoa lenzi mkobani. Alianza na bawa la kulia, taratibu, kutoka ncha kuelekea tumboni. Lilikuwa safi, vanishi imekauka laini kama ngozi ya yai. Akahamia la kushoto. Hapo mkono wake ulisimama.

"Bashiri, shika tochi."

Juu ya bawa la kushoto, upande unaolielekea dirisha, palikuwa na chembe ndogo nyekundu, nyingi, zimezama ndani ya vanishi. Alipitisha kidole chenye glavu. Hazikutoka. Halikuwa vumbi lililotua juu ya kitu kikavu. Lilikuwa limenaswa.

"Nenda dukani," alimwambia Bashiri. "Niletee vijiko vya plastiki. Vitatu vinatosha."

Fabian aliwatazama kama watu waliochanganyikiwa. Bashiri aliporudi, Tumsifu alichukua kopo la vanishi la mzee lililokuwa mezani, akalitikisa, akafungua dirisha na kuvipulizia vijiko vyote. Cha kwanza alikiweka mezani mbele ya dirisha. Cha pili alikifunika kwa beseni pana la plastiki alilolikuta chini ya meza. Cha tatu alimpa Bashiri akakiweke chumba cha pili chenye dirisha lililofungwa. Nje upepo ulikuwa unasukuma vumbi kutoka kwenye mashamba yaliyovunwa, na mbingu yote upande wa ranchi ya Kongwa ilikuwa rangi ya tofali.

Wakangoja. Barazani ungo wa Bibi Penina ulisikika ukipanda na kushuka.

Kijiko cha kwanza kilipokauka kilikuwa kimejaa chembe nyekundu. Cha pili na cha tatu vilikuwa safi.

"Njoo uone, Fabian," alisema Tumsifu. "Baba yako alipuliza vanishi dirisha likiwa wazi. Hamidu ameniambia hivyo hivyo, kwamba kifua cha mzee kilikuwa hakistahimili harufu. Akimaliza kupuliza alikuwa akiifunika ndege kwa beseni. Saa tisa alasiri alimtumia Hamidu picha, ndege inang'aa bado mbichi, dirisha wazi nyuma yake. Safari hii beseni hakulitumia. Nadhani alichoka akasinzia kabla. Dirisha lilifungwa baadaye, na hakulifunga yeye."

Fabian aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya mfugaji, na alikuwa anaisugua magotini.

"Basi ni mimi," alisema.

Bashiri alinyanyua uso.

"Ni wewe nini?"

"Nilifunga mimi. Nikaweka jiko. Tuligombana, Afande, dada amewaambia. Nilitaka wahamie Msalato, karibu na hospitali, baba hataki. Nikakasirika. Andikeni hivyo, twende."

Alinyoosha mikono mbele, vifundo viwili pamoja. Bashiri alishika pingu, akamtazama bosi wake. Tumsifu hakutikisa kichwa wala kukubali. Alikuwa ameinama tena juu ya bawa la kushoto.

"Ulirudi saa ngapi kutoka mnadani?"

"Mapema."

"Bashiri?"

"Alionekana mnadani mpaka magharibi, Afande. Muuza nyama na yule aliyenunua mbuzi wa mwisho wote wanamfahamu. Alitoka nao."

"Vijiko hivi vimekauka kwa muda mfupi, tukiwa tumekaa hapa tu," alisema Tumsifu. Alichukua kibanio chembamba cha mzee, akakishusha kwenye ncha ya bawa na kukiinua polepole. Kitu kilijaribu kutoka, kikakatika. "Kuna nyuzi hapa. Zimegandia kwenye vanishi kama lile vumbi. Maana yake mtu aliifunika ndege hii kwa nguo vanishi ikiwa bado mbichi. Saa tisa hiyo wewe ulikuwa unauza mbuzi."

"Nguo niliiweka mimi."

"Nguo gani?"

Fabian alitazama pembeni.

"Rangi gani, Fabian?"

Alifunika uso kwa viganja.

Tumsifu aliinua kibanio kwenye mwanga wa dirisha. Uzi ulikuwa wa sufu, mfupi, wa zambarau. Wote watatu walikuwa wamepita barazani.

"Nilikosea tangu Dodoma," alisema Inspekta, na sauti yake haikuwa tena ile ya kuhoji. "Nilimtafuta mtu aliyetaka kumuua mzee. Mtu wa namna hiyo hajali vumbi kwenye ndege. Aliyeingia humu alimkuta amelala, akaona baridi, akaona vumbi. Akafanya alichoweza."

"Nifunge mimi," alisema Fabian. "Nakuomba, Afande. Nilipofika nilikuta shali ya mama juu ya ndege na baba amekuwa wa baridi. Yeye alikuwa jikoni anapika uji, ananiambia tusimwamshe. Nikaichukua shali nikamrudishia mabegani. Hajui. Mpaka leo hajui alichofanya, na mimi nilisema heri niseme ni baba mwenyewe. Dada akisema ni mimi, sawa. Mimi nitakaa jela. Lakini mama akiambiwa..."

"Dada yako anajua hali ya mama?"

"Anajua anasahau majina. Hajakaa naye siku nzima."

Tumsifu aliitoa ile hati mkobani, akaitazama, akaikunja mara mbili. Alitaka kusema kwamba sheria inajua tofauti ya kuua na ajali, kwamba hakuna hakimu ambaye angemfunga bibi yule, kwamba mwili ungetolewa kesho wakamzike. Alikuwa amefungua mdomo. Ndipo mlango ukasukumwa.

Bibi Penina aliingia na bakuli la uji mikononi, akitembea kwa uangalifu usimwagike. Akatazama kiti.

"Ametoka?"

"Ametoka kidogo, mama," alisema Fabian akiinuka haraka.

Bibi aliitazama ndege. Uso wake ulikunjamana.

"Nani ameifunua? Niliifunika mwenyewe. Vumbi lilikuwa linaijaa, na yeye kalala, midomo imekuwa ya baridi. Mtu gani analala dirisha liko wazi na upepo huu? Nikamletea jiko." Alimgeukia Tumsifu, kama mwanamke anavyomgeukia mwanamke mwenziwe. "Wanaume hawa bila kutazamwa watakufa, mwanangu."

Upepo ulipiga, ubao wa dirisha ukagonga ukuta. Bibi aliweka bakuli mezani, akanyoosha mkono, akaanza kuuvuta ubao.

"Mama, usifunge!"

Ulikuwa ukelele. Fabian alikuwa ameruka kutoka upande wa pili wa chumba, ameushika mkono wa mama yake kwa nguvu, na bakuli lilikuwa limepinduka, uji unatiririka mezani kuelekea magurudumu ya ndege. Bashiri aliinyanyua ndege akaishika kifuani bila kujua aiweke wapi.

Bibi Penina aliutazama mkono wa mwanawe juu ya wake. Akalitazama dirisha. Macho yake yakashuka polepole mpaka sakafuni, kwenye ile alama nyeusi ya jiko, yakabaki hapo. Tumsifu, aliyekuwa amewahi kuona watu wengi wakielewa mambo, hakutaka kuona hili, lakini hakugeuka.

"Fabi."

"Mama."

"Baba yako yuko wapi?"

"Mama, twende ukakae."

"Nakumbuka watu walikuja. Walimbeba kwa shuka." Aliigusa ile alama kwa ncha ya mguu. "Ni mimi?"

"Hapana, mama. Ni moyo. Moyo wake ulisimama."

Bibi alimgeukia Tumsifu. Wakati huo hapakuwa na ukungu wowote machoni pake. Alikuwa mwanamke mwerevu wa Kigogo aliyelea watoto na kuongoza kwaya, na alikuwa anamtazama mtu aliyekuja nyumbani kwake na kitu cha kumwambia.

"Wewe ni polisi. Polisi hawaji kwa ajili ya moyo."

Fabian alimtikisia Inspekta kichwa, machozi yanamtoka. Tumsifu alimwona. Angeweza kudanganya. Mara ngapi alikuwa amedanganya watu ili wamwambie ukweli?

"Ulifunga dirisha ili asipate baridi, mama," alisema. "Jiko lilikuwa ndani. Mkaa ukishakolea, sumu yake haina harufu. Hukujua."

"Sikujua," alirudia bibi.

"Fabian amesema ni yeye."

"Fabi hakuwepo. Fabi alikwenda na mbuzi." Alisema hivyo kwa ukali kidogo, kama anayesahihisha hesabu ya mtoto. "Mwacheni mwanangu."

"Tumemwacha, mama."

Bibi aliitika kwa kichwa. Alijifunga khanga vizuri kiunoni, akavuta shali, akaketi kwenye kiti cha mumewe.

"Fabi, niletee viatu vyangu. Vile vya kanisani."

"Vya nini, mama?"

"Huyu binti ametoka mbali. Tusimcheleweshe."

Bashiri aligeukia ukuta, ile ndege bado mikononi. Fabian alibaki amesimama, kisha akatoka, akarudi na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi, akapiga magoti mbele ya mama yake. Alimvisha cha kulia. Kifungo hakikushika, akajaribu tena. Tumsifu alitoka nje, akasimama uani kwenye upepo, akampigia simu Anastazia.

"Amekiri?" lilikuwa neno la kwanza la binti.

"Njoo Kongwa leo. Mwili utatolewa kesho asubuhi."

"Nimekuuliza amekiri?"

"Kaka yako hana kosa. Njoo, mwalimu. Hili siwezi kukuambia kwa simu, na usiingie ndani kabla hujazungumza na mimi."

Anastazia akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia polisi, "Mama hajambo?"

Tumsifu alitazama kupitia dirisha lililo wazi. Bibi Penina alikuwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa mkononi mwa Fabian, na bibi alikuwa anakitazama kwa mshangao, kama kitu kilichookotwa njiani.

"Tunakwenda wapi, baba?" aliuliza.

Fabian hakuinua uso.

"Tunakwenda kuzika, mama."

"Masikini," alisema Bibi Penina, akanyoosha mguu avishwe. "Nani amefariki?"